Sanamu ya Jasho

Waraka ulikuja Februari, theluji imepanda hadi madirishani,
karatasi moja, aya tatu,
sahihi ya mtu asiyewahi kukwea ngazi zetu:
Kitivo cha Ikolojia ya Binadamu hakitakuwapo kuanzia Julai.
Lishe itahamia Kilimo.
Familia itapokewa na Sayansi ya Jamii, Watoto na Ualimu.
Nguo,
aya ya tatu ilisema,
itatafakariwa.

Mimi ni Lesia Hnatiuk, fundi wa maabara ya Nguo.
Miaka ishirini na sita nimechoma vitambaa kwa mshahara:
nawasha, nahesabu sekunde, naandika moto umefika wapi.
Pamba ikiungua hunuka karatasi, sufu hunuka nywele za mtu,
nailoni haiwaki sawasawa, hudondoka machozi.
Kutafakariwa sijawahi kukuchoma,
lakini harufu yake niliitambua.

Ghorofa ya tatu Bi Thorvaldson alipima bakuli za dengu,
kabla ya kula, baada ya kula,
vijana kumi na wawili, supu ileile, siku kumi na nne,
ili ijulikane madini ya chuma yamekwenda wapi.
Siku ya kumi Marcel alilia.
Hakuwa na njaa. Alitamani kitunguu.
Bi Thorvaldson akasimama na kalamu yake,
jedwali lilikuwa halina safu ya kitunguu.

Chini, kwa Watoto, viti vinanifika gotini
na kuna kioo kinachoona upande mmoja.
Binti mdogo wa akina Dyck alikuwa akija kila Jumanne
kukilamba, polepole, kuanzia chini kwenda juu,
na upande wa pili watafiti wazima, wenye shahada,
walirudi nyuma nusu hatua.

Familia wao waliziuliza nyumba mia sita
nani anaosha vyombo,
kisha, chumba kingine, nani anasema anaosha.
Waliijua talaka kwa asilimia, mirathi kwa michoro,
nao wakagawanywa kama kabati la marehemu:
wewe bilauri, wewe sahani za maua,
na hakuna aliyeuliza mama atalala kwa nani.

Nilianza kupakia droo.
Soksi za mtihani, mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tatu:
wasichana walipewa soksi mpya na mkasi,
wakate tundu, kisha waliparizi.
Ya Dorcas Penner ina alama sitini na moja
na maneno ya wino mwekundu: uzi umevutwa kwa hasira.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa,
lakini huyu aliamriwa autoboe kwanza.
Nimeigusa parizi yake. Imekaza mpaka leo.
Niliitia mfukoni. Andikeni hilo pia kwenye waraka.

Amebaki Orest.
Orest ni shaba na matundu mia mbili,
pampu kifuani, waya mgongoni, hana uso.
Tumemvika makoti ya wazima moto, ovaroli za wachimba migodi,
tukamwambia toa jasho, naye akatoa,
gramu kwa saa, bila kulalamika, bila mke wa kumfulia.
Kilimo walisema mzito. Ualimu walisema anatisha watoto.
Wahandisi walitaka pampu tu.

Ijumaa, saa kumi na moja, taa za korido zimezimwa,
nje kipimajoto kipo thelathini chini ya sifuri,
nilimvika koti langu mwenyewe, la baba, la sufu,
nikawasha.
Dakika kumi hakuna kitu.
Kisha kola ikaanza kuwa nyeusi,
kisha kwapa,
na chumba kizima kikanuka kondoo aliyenyeshewa,
na baba akirudi kutoka zizini.

Wahandisi wanakuja Jumatatu na bisibisi.
Nimeacha koti.
Mfukoni mwake mna tembe mbili za peremende
na risiti ya duka la uzi.